KABLA YA KUPANDISHA PROGRAMU ENDESHI, IULIZE MASHINE KWANZA

(Hotuba ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi, Lupaso, Wilaya ya Masasi. Inachapishwa hapa kwa faida ya watumishi na wakaazi wa Visiwani, kwani shida iliyozungumzwa ni ya pande zote mbili.)



Awali ya yote natoa shukrani kwa kunikaribisha Lupaso, na kwa subira yenu ya kuacha kazi za asubuhi ili kumsikiliza mtu aliyetoka Visiwani kuja kuzungumza juu ya kompyuta. Sisi kwetu ni karafuu, ninyi kwenu ni korosho. Lakini kwetu na kwenu, siku hizi kilo za mkulima huandikwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ikikataa kuwaka siku ya malipo, anayesimama juani si fundi wala katibu. Ni mkulima. Kwa sababu hiyo naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa ni la mafundi peke yao.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bure marekebisho ya usalama kwa programu endeshi yake iitwayo Windows 10, iliyokuwa imeanza kutumika mwezi Julai 2015. Siku ya pili yake kompyuta zote ziliwaka kama kawaida. Barua ziliandikwa, mishahara ikaandaliwa, na watu wengi wakasema kuwa yalikuwa maneno matupu ya wafanyabiashara. Ndugu Wananchi, sivyo. Kilichokoma ni ule ukarabati wa kila mwezi wa kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyagundua. Nyumba haianguki siku ile mwenyewe anapoacha kuiezeka. Huanguka mvua inapokuja.

Na mvua hiyo imekwisha kunyesha mara nyingine. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya tundu moja katika Windows. Mwezi Mei mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu lilelile kwenye mashine ambazo hazikurekebishwa. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fedha, kikazikumba nchi takriban 150. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa majumbani. Dawa ilikuwepo kwa miezi miwili, ila wenye mashine hawakuinywesha mashine yao.

Basi maagizo yakaanza kupita maofisini: pandisheni Windows 11. Agizo ni jema, lakini limewakuta watumishi wengi hawajaelezwa kwamba Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Mtu hubonyeza kitufe cha kupandisha, akaambiwa kompyuta yake haifai, na hapo ndipo makosa makubwa hutendeka. Mmoja huitupa mashine iliyo nzima. Mwingine huita kijana wa mtaani, naye akaifuta diski yote. Wa tatu hulazimisha kwa njia za panya. Nimekuja kusema kwamba aghalabu hakuna haja ya lolote kati ya hayo matatu, iwapo mashine itaulizwa kwanza.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndani ya kompyuta mna tabaka tatu. Chini kabisa kuna vyuma vyenyewe, yaani prosesa, kumbukumbu, diski na ubao mama unaovibeba vyote. Juu ni programu endeshi, hiyo Windows tunayoiona. Katikati mna programu ndogo ambayo watu wengi hawajapata kuisikia, na mafundi huiita femwea. Hii haikai kwenye diski. Hukaa kwenye kijidude kilichochomelewa juu ya ubao mama, na ndiyo ya kwanza kuamka unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Mithili yake ni bawabu. Huamka kabla ya wenye nyumba, hukagua kama kumbukumbu ipo, diski ipo, kibodi ipo, kisha hufungua mlango na kumkabidhi Windows ufunguo.

Bawabu wa zamani aliitwa BIOS. Alikuwa mwaminifu lakini hakuuliza mengi. Yeyote aliyekuwa mwanzoni mwa diski alifunguliwa mlango, hata kama ni mwizi. Bawabu wa sasa huitwa UEFI, naye hutaka barua yenye mhuri. Programu endeshi isiyo na sahihi inayotambulika hairuhusiwi kuingia. Utaratibu huo huitwa Secure Boot. Kando yake kuna kitu cha tatu, TPM, ambacho ni kisanduku cha chuma cha kuhifadhia funguo za siri ili zisikae kwenye diski ambako mtu anaweza kuzinakili.

Windows 11 inataka vitu hivyo vyote: bawabu awe UEFI anayeweza kukagua mhuri, kisanduku cha TPM kiwe cha toleo la 2.0, kumbukumbu isipungue GB 4, diski isipungue GB 64, na prosesa iwe katika orodha iliyokubaliwa. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha 8, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwa AMD inaanzia karibu na mfululizo wa Ryzen 2000, ingawa si zote.

Kizazi kinajulikanaje? Tazameni jina la prosesa. Likiandikwa i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi hicho ni kizazi cha 6, hakimo. Likiandikwa i5-8250U ni cha 8, kimo. Likiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, someni mbili za mwanzo: ni cha 10. Zile za Celeron na Pentium zina hesabu yake nyingine, na hizo lazima zitafutwe kwenye orodha yenyewe.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linahusu fedha. Vyuma vingine vinaweza kuongezwa. Kumbukumbu ya GB 4 inafanywa 8 kwa gharama ndogo, na diski ya kuzunguka inabadilishwa kwa diski mpya isiyozunguka, na mashine ikawa kama imezaliwa upya. Lakini prosesa ya kompyuta ya mapajani aghalabu imechomelewa, haibadilishwi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe la prosesa. Ikiwa haimo, msinunue kumbukumbu wala diski kwa matumaini ya Windows 11.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe ambalo limewapotosha wengi. Mashine nyingi zinazokataliwa si mbovu wala si za kale. Prosesa imo, TPM imo, ila bawabu amelala. Ziliuzwa zikiwa na UEFI ndani yake, lakini aliyezitayarisha alimwagiza bawabu ajifanye BIOS ya zamani, au TPM iliachwa imezimwa tangu kiwandani. Kwenye mashine za Intel kisanduku hicho kinaweza kuitwa PTT, na kwenye za AMD kikaitwa fTPM. Mtumishi akitafuta neno TPM asilione, husema hakipo, kumbe kimekaa kwa jina lingine.

Kuuliza ni kazi ya dakika mbili. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni msinfo32, kisha bonyezeni Enter. Tafuteni mstari wa BIOS Mode. Ukisema UEFI, vyema. Ukisema Legacy, bawabu anajifanya wa zamani. Rudieni tena, safari hii mwandike tpm.msc, na mtaona kama kisanduku kipo na ni toleo gani. Yote hayo yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na jina kamili la mashine lililobandikwa chini yake.

Ikiwa mstari ule unasema Legacy, naomba hadhari kubwa. Diski iliyotayarishwa kwa bawabu wa zamani imegawanywa kwa mtindo uitwao MBR, na bawabu mpya hutaka mtindo wa GPT. Fundi asiyejua huingia kwenye mipangilio ya femwea na kubadilisha Legacy kuwa UEFI mara moja. Kompyuta ikawashwa, ikasema haioni diski ya kuanzia. Fundi akashikwa na hofu, akasema Windows imekufa, akaweka mpya, na kila kilichokuwemo kikafutika. Ndugu Wananchi, diski ile haikuwa imekufa! Ingetosha kurudisha mpangilio wa zamani na mashine ingewaka na kila kitu chake.

Utaratibu ulio sahihi huanza na nakala ya akiba kwenye diski ya nje. Kisha, mashine ikiwa bado katika hali yake ya zamani, itumike zana iitwayo mbr2gpt, ambayo imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la mwaka 2017. Zana hiyo inayo amri ya kukagua kwanza bila kugusa kitu, na amri ya pili ya kubadili diski bila kufuta mafaili. Ikimaliza, ndipo mtu aingie kwenye femwea na kumwamsha bawabu mpya. Kuingia humo ni kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu mashine inapowashwa. Kwa HP aghalabu ni F10, kwa Dell ni F2.

Ipo hatari nyingine ambayo haionekani. Kompyuta nyingi za ofisi zimefungwa kwa BitLocker, yaani diski imeandikwa kwa maandishi ya siri na ufunguo wake umo ndani ya TPM. Ukigusa mipangilio ya femwea, TPM hushuku kwamba mashine imeibwa, ikakataa kutoa ufunguo. Hapo skrini hudai namba ya tarakimu 48. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, mashine imesimama kwenye skrini hiyo. Hakuna aliyejua namba hiyo ipo wapi. Aliyeiandaa mashine alikwisha kuhamishwa, na barua za karibu miaka miwili zilikuwa humo. Hazikupatikana. Kwa hiyo kabla ya kugusa femwea, itafuteni namba hiyo, ichapwe na kuwekwa kwenye kabati lenye kufuli, kisha BitLocker isitishwe kwa muda. Na popote mtakapoona maneno Clear TPM, msiyabonyeze.

Wakati mwingine femwea yenyewe ni ya zamani na inahitaji kuandikwa upya kabla Windows 11 haijaingia. Hili si jambo la kila siku, na kama mashine inakubali bila ya hilo, iacheni. Lakini ikilazimu, faili ya femwea ichukuliwe kwa aliyetengeneza mashine tu, tena kwa jina kamili la mashine ileile, kwani femwea ya mashine pacha inaweza kuiua. Na kuandika huko hakutakiwi kukatika katikati. Umeme ukikatika wakati bawabu anafutwa na kuandikwa upya, mashine inaweza kubaki bila bawabu, na huenda diski au flashi ya kawaida isiweze kuiamsha. Hapa kwenu na kule kwetu umeme tunaujua. Kompyuta ya mapajani iwe na betri iliyojaa na chaji imechomekwa. Ya mezani isiguswe bila UPS nzima. Isifanywe jioni ya mvua za radi, na mtu asiizime kwa kuona imenyamaza. Huweza kunyamaza dakika nyingi.

Wenye umri kama wangu watakumbuka tarehe 26 Aprili 1999, siku kirusi kilichoitwa Chernobyl kilipoamka. Hicho hakikuishia kwenye diski. Kilijaribu kufuta femwea yenyewe, na kwa mashine ambazo kilifaulu, ilibidi kijidude cha femwea kitolewe na kuwekwa kingine. Korea Kusini na Uturuki ziliumia sana. Miezi minane baadaye ikaja hofu ya mwaka 2000, na hiyo nayo kwa sehemu ilikuwa shida ya femwea. Saa ya ndani ya baadhi ya kompyuta za zamani haikujua kuvuka karne, ikarudi tarehe 4 Januari 1980. Kwa hiyo jambo hili si geni. Ni jirani wa zamani tuliyemsahau.

Wala si geni kwa nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali Tanzania Bara iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ikanunuliwa kubwa zaidi ili hesabu zote za Serikali ziingizwe humo, kabla watu na taratibu havijawa tayari. Hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi miaka ya 1980. Sisemi kwamba Windows 11 italeta makubwa kama hayo. Nasema mashine mpya iliyoletwa kabla ya matayarisho imekwisha kutugharimu mara moja. Na kwa kuwa tuko Lupaso, inafaa kukumbusha kwamba Sera ya kwanza ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilitolewa mwaka 2003, katika uongozi wa Hayati Rais Benjamin William Mkapa, mwana wa kijiji hiki, aliyezikwa hapahapa Julai 2020. Yeye kabla ya siasa alikuwa mwandishi wa habari, na sisi wa kazi hiyo bado tunamhesabu kuwa wetu.

Yako maswali mawili niliyoulizwa tangu nilipofika, nami nitayajibu bila kuficha.

La kwanza: je, si kweli kwamba zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyofaa? Ni kweli, zipo. Mtu kwa kompyuta yake ya nyumbani ni hiari yake. Kwa kompyuta yenye hesabu za zahanati, za shule au za chama cha msingi, jibu langu ni hapana. Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine hiyo itaendelea kupata marekebisho. Mwaka 2024 toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 lilianza kudai amri za prosesa ambazo mashine kongwe kabisa hazina, na mashine hizo hazikuweza kuwaka nalo hata kwa kulazimishwa. Yaani mtu anafanya jambo lote hili kwa ajili ya kupata usalama, kisha anachagua njia inayomnyima usalama wenyewe.

La pili: basi mashine zisizofaa zitupwe? Hapana, na hapa natofautiana na baadhi ya wakubwa wangu. Upo mpango wa kulipia marekebisho ya Windows 10 kwa muda wa ziada. Kwa taasisi ulitangazwa kuwa ni dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka, na mwisho wake ni Oktoba 2028. Kwa ofisi yenye mashine moja yenye kazi nyeti, hiyo ni njia ya kupumulia. Kwa ofisi yenye mashine 20, fedha hizo zinatosha kununua mashine kadhaa zilizotumika ambazo zinafaa.

Njia nyingine ni programu endeshi za bure kama Ubuntu na Linux Mint. Hizi hazidai TPM, zinakubali prosesa za zamani, na hupata marekebisho ya usalama. Kuna wanaozidharau kwa kuwa hazina jina. Nawakumbusha kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi ya namna hiyo kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kwa darasa la kujifunzia kuandika na kuhesabu, mashine ya kizazi cha 4 yenye Linux inatosha kabisa. Tahadhari ni moja: ulizeni kwanza kama mifumo ya Serikali mnayotumia hufunguliwa kwa kivinjari cha mtandao au hutaka programu maalumu ya Windows. Ya kivinjari aghalabu haitasumbua. Na ile kompyuta kongwe isiyofaa kwa lolote kati ya haya, itumike bila kuunganishwa na mtandao, na flashi zisipite humo ovyo.

Aidha, kuna jambo la mwaka 2026 ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ile mihuri ambayo bawabu UEFI huitambua ilitolewa mwaka 2011, na muda wake ulipangwa kuanza kwisha Juni 2026. Mihuri mipya ya mwaka 2023 huingizwa kwa marekebisho ya kawaida ya Windows, lakini kwa baadhi ya mashine huhitajika femwea mpya kutoka kwa mtengenezaji. Mashine haitazimika kwa sababu ya tarehe hiyo. Ila ile isiyopata mihuri mipya itakosa ulinzi mpya wa wakati wa kuwaka. Kwa hiyo mashine inayokaa wiki nyingi bila kugusa mtandao inafaa kupelekwa penye mtandao na kuachwa imalize marekebisho yake.

La mwisho ni juu ya misaada. Marafiki wa ndani na nje hutuletea kompyuta zilizotumika, nasi hushukuru na kupiga picha. Kabla ya kupokea, ombeni jina la prosesa la kila mashine. Si utovu wa adabu. Anayetoa kwa nia njema atajibu, na anayetaka tu kuondoa takataka ghalani mwake atanyamaza. Vivyo hivyo mnapouza au kugawa mashine zenu za zamani, diski ifutwe kwa zana ya kufutia, si kwa kutupa mafaili kwenye pipa la takataka la kwenye skrini. Majina ya wagonjwa na namba za akaunti za wakulima hubaki humo.

Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, sasa tuiwashe kompyuta ya ofisi hii iliyo mezani. Katibu ameshaniambia kwamba nakala ya akiba ilichukuliwa jana na iko kabatini. Tutaanza na msinfo32, na naomba mmoja wenu, si mimi, ndiye abonyeze.